Dakika Thelathini na Nane

Kwa miezi mitano niliilinda nailoni iliyobandikwa juu ya kioo cha saa ya mwanamume niliyemchukia. Niliiombea uzima. Kila nilipokutana naye nilitupia jicho mkono wake wa kushoto kwanza, uso baadaye, na nikiiona bado ipo, imekunjika pembeni na kuingia jasho, moyo wangu ulitulia.

Mwanamume huyo ni Leonard, ofisa michezo wa kiwanda chetu cha nyuzi hapa Morogoro. Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mcheshi, kipenzi cha kila kipaza sauti. Mimi ni Josephina, Mluguru, mzaliwa wa mlimani, na kazi yangu kiwandani ilikuwa kwenye mashine za kusokota. Nje ya zamu nilikuwa mkimbiaji, na huko ndiko nilikopata jina. Mtaani kwetu Mafiga ukimtaja Josephina, watu walikuuliza: yule anayekimbia?

Kisha Leonard akaniharibia.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na rafu tupu yalijaa redio, viatu na sabuni za kila rangi. Leonard akaletewa na shemeji yake saa ya mazoezi kutoka Dubai: nyeusi, haina mishale, tarakimu tupu, ina filimbi ndani na inahesabu hadi sekunde. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo kiwandani. Na kama sisi sote tulivyofanya kwa makochi, redio na magodoro yetu, hakuibandua nailoni ya dukani. Kitu kikibanduliwa nailoni si kipya tena, na Leonard alitaka saa yake iwe mpya hadi mwisho wa dunia.

Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa tulikuwa na mbio za mlima: kutoka uwanja wa mpira hadi Morningside, kwenye nyumba ile kuukuu ya Wajerumani, uguse ukuta, uteremke ulikotoka. Mwaka ule wanaume walianza saa moja na nusu, mlima ukiwa umejifunika ukungu. Sisi wanawake tukaambiwa tumsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi akaja saa nne kasorobo, akahutubia, akapuliza filimbi saa nne na robo, jua likiwa limeshika kazi kikamilifu.

Leonard aliiwasha saa yake ianze kuhesabu filimbi ilipolia, akatutangulia kwa gari, na ndiye aliyekaa juu, kwenye ukuta, akiandika dakika za kila anayegeuka. Nilikuwa wa kwanza kugusa ukuta, peke yangu. Sikuwa na saa, lakini mwili wangu unajua dakika. Nilijua nimepanda chini ya saa moja, kwa kitambo kidogo tu. Aliyenifuata sikumwona hadi nilipokuwa ninateremka. Niliingia uwanjani kwa saa moja na dakika ishirini na saba. Hiyo aliiandika mwalimu Severini, katibu wa kamati, aliyekaa chini ya turubai na saa yake ya mshale.

Nilikuwa bado nimeinama, mikono magotini, Leonard aliporudi kwa gari na karatasi yake. Akaikabidhi. Wakanong'ona. Kisha Leonard akakitwaa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Huyu dada kapanda mlima kwa dakika thelathini na nane. Mshindi wa wanaume kapanda kwa arobaini na moja. Sasa, ama ana injini tumboni, ama kapanda lori la mbao!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Sijapanda lori lolote!" nilipiga kelele. Nani anamsikia asiye na kipaza sauti?

Mwalimu Severini alikuwa mtu wa hesabu. Alikuna kichwa. "Bwana Leonard, kupanda thelathini na nane, kuteremka arobaini na tisa? Nani anateremka polepole kuliko anavyopanda?"

"Aliyepanda kwa gari na kuteremka kwa miguu," akajibu Leonard, akainua mkono wake wa kushoto watu wauone. "Mwalimu, saa hii ni ya Dubai. Haidanganyi."

Nikafutwa. Baiskeli akapewa aliyekuwa wa pili.

Sikuililia baiskeli. Kulikuwa na lori dogo la mbao kweli lililopanda asubuhi ile, na hilo lilitosha. Mama Cecilia, muuza karoti, aliyekuwa akiteremka na mzigo wake kichwani na kunipisha njiani, alikuja mbele ya kamati kwa hiari yake akasema ameniona kwa macho yake nikipanda kwa miguu. Wakamuuliza: "Mama, ulikuwa na saa?" Akasema hana. Wakamshukuru akatoka.

Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Kondo, nyumbani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Najua kilichokuleta. Lakini Leonard si mtani wako?"

Hapo ndipo nilipofungwa mikono. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliopita hapa na misafara. Mtani atakutukana msibani, atakwambia marehemu wako alikuwa mwizi wa kuku, na wewe utacheka huku machozi yanakutoka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Leonard alikuwa amelipeleka jina langu kwenye utani, na huko hakuna mahakama.

"Mzee, lile halikuwa neno la utani. Limeandikwa kwenye karatasi ya kamati."

"Karatasi ni ya saa," alisema kwa upole. "Maneno ni ya utani. Utamshtaki nani?"

Nikawa Dada Lori. Sokoni: "Dada Lori, leo umekuja na basi?" Kiwandani, nikichelewa zamu: "Lori limepata pancha." Watoto wa Mafiga walikuwa wakinifuata nikifanya mazoezi, wakinguruma kwa midomo kama injini, wakibadilisha gia kwenye kona. Padri mwenyewe alitabasamu niliposogea kupokea komunyo. Labda alikuwa akitabasamu kwa jambo lingine, lakini ndivyo mtu anavyokuwa akishaharibiwa jina. Kila jino analoliona linamcheka yeye.

Nilijua Leonard amenisingizia. Ila sikujua ni kwa vipi.

Nilikuja kujua mwezi wa nne, msibani. Mnyamwezi mmoja wa idara ya rangi alifiwa na baba yake, na sisi watani tukaenda kufanya ya kwetu: kupika, kuteka maji, kuwakejeli wafiwa ili huzuni isiwameze. Mchana jua lilikuwa kali. Nikawa nashika birika, nawanawisha watu mikono uani kabla ya chakula. Leonard akaja, akanyoosha mikono.

"Mwaga, Dada Lori. Au maji nayo umeyaleta kwa gari?"

Nikamwaga. Saa ilikuwa chini ya pua yangu. Nilikuwa sijawahi kuitazama kwa karibu hivyo. Nailoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ina mikwaruzo kama sahani ya mbwa, na juani ilimetameta nyeupe, nikaona mwanga zaidi kuliko tarakimu. Upande wa kushoto wa zile dakika kulikuwa na povu, punje ya hewa iliyonaswa chini ya nailoni, kubwa kama mbegu ya mtama.

"Saa ngapi, mtani?" nilimuuliza, bila kuwaza lolote.

Akageuza mkono, akakunja jicho. "Saa sita na dakika thelathini na nane."

Thelathini na nane. Lile neno lilinichoma kama mafuta ya moto. Nikamnawisha aliyefuata. Nikamnawisha wa tatu. Kabla sijamfikia wa tano, redio ya dukani upande wa pili wa barabara ikapiga mlio wake na mtangazaji akasema ni saa saba kamili, taarifa ya habari.

Nilisimama na birika mkononi, maji yakamwagika miguuni kwangu. Kutoka ile thelathini na nane hadi saa kamili ni dakika ishirini na mbili. Nilikuwa nimenawisha watu wanne.

Leonard alikuwa amekaa mkekani, anakula, mkono wa kushoto juu ya goti. Nikaenda kumwongezea mchuzi. Dakika zilikuwa sasa zinaanza na sifuri, na sifuri ilionekana vizuri. Nikaelewa. Tano ya tarakimu zile ina mkono mdogo wa juu kushoto. Uufunike ule mkono kwa povu, uweke jua juu ya nailoni chafu, utakachokiona kinafanana na tatu. Kivulini angeweza kuuzungusha mkono na kuona sawasawa. Juani, kila saa moja, kwa dakika kumi zile zinazoanza na tano, saa ya Leonard ilikuwa ikirudi nyuma dakika ishirini, na mwenyewe hajui kwa sababu hakuna aliyethubutu kumbishia mwenye saa ya Dubai.

Nilikuwa nimepanda kwa hamsini na nane. Wenzangu wote walinifuata baada ya saa moja kupita. Wanaume walipanda asubuhi, ukungu ukiwa kivuli chao. Kwenye zile dakika kumi nilikuwa mimi peke yangu.

Ningeweza kupiga kelele palepale. Na kisha? Leonard angecheka, angeibandua, angeonyesha kioo kinachong'aa, angesema: mtani, umeota. Nani angenisadiki tena? Nikammiminia mchuzi hadi ukamwagikia suruali, akanitukana kwa utani, nikacheka.

Nilitaka alisome kosa lake kwa mdomo wake, mbele ya uwanja uleule. Na nilitaka limuume.

Regina ndiye aliyekuwa mahali pa kumuuma. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, binti wa miaka ishirini aliyetoka Tabora mwaka ule na kupata kazi kantini. Alikuwa na miguu mizuri na pumzi ya bure. Nilimwona siku moja akiukimbilia mgomba uliokuwa umebebwa na mafuriko ya mvua, nikajua.

"Mdogo wangu, unataka kushinda baiskeli?"

"Dada, wewe si ndiye...?"

"Dada Lori, ndiyo. Ndiyo maana naijua barabara."

Akacheka hadi akashika mbavu. Nikampenda, na hilo nalisema wazi ili msije mkafikiri nilikuwa na jiwe kifuani.

Tulianza alfajiri iliyofuata. Nilimfundisha kupanda kwa hatua fupi, kutokutazama kilele, kuachia mikono wakati wa kuteremka. Nikawaongeza Jesca na Ester wa idara ya ufungaji. Mwanzoni Regina alipanda kwa saa moja na dakika tisa. Nilikuwa nimeazima saa ya mshale ya mwalimu Severini. Mwezi wa sita, saa moja na mbili. Siku aliyoingia hamsini na tisa alinirukia shingoni, mimi nikamkumbatia na kuhesabu kimoyomoyo: mmoja.

Leonard alifurahi. Alikuwa akinipigia saluti getini. "Mwalimu Lori! Nasikia unamfundisha dada yangu. Usimfundishe yote lakini!"

Hatari kubwa ilikuwa nailoni. Jumamosi moja nilimkuta Leonard kwenye meza ya Shukuru, fundi saa wa sokoni, anabadilishiwa pini ya mkanda. Shukuru alikuwa na kilenzi jichoni, ameishika ile saa kama mtu aliyeshika panya.

"Bosi, hii nailoni nikubandulie? Imekuwa kama mtoto wa jicho."

Ukucha wa Shukuru ulikuwa tayari pembeni ya kioo.

"Wewe Shukuru!" nikadakia. "Unataka kuivua nguo saa ya watu hadharani?"

Watu wa meza za jirani wakacheka. Leonard akageuka.

"Msikie huyu."

"Mtani, nakuonea huruma tu. Ibandue leo, kesho kutwa kioo chote mikwaruzo. Utatuambia ni ya Dubai, sisi tutasema uliiokota jalalani."

"Unaona, fundi?" Leonard akampokonya saa. "Mluguru huyu siku hizi ana akili. Tangu ashuke kwenye lori."

Walicheka wote, na mimi nikacheka kuliko wote. Alipoondoka, Shukuru akakitoa kilenzi jichoni.

"Dada, mbona unamtetea? Ile saa juani hasomi kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Fundi, tengeneza saa."

Akainama kwenye kazi yake. Shukuru ni mtu mzuri. Ana masikio na hana mdomo.

Mwezi wa nane kamati iliitisha mkutano wa kupanga mbio. Wakimbiaji tuliruhusiwa kutoa maoni. Nikasimama.

"Mzee mwenyekiti, mwaka jana lilitokea jambo la aibu. Sitaki lijirudie. Napendekeza pale juu, Bwana Leonard asome dakika kwa sauti, katibu aandike palepale, asibadilishe mtu. Karatasi yote isomwe uwanjani. Na mwanamke atakayepanda kwa dakika chache kuliko mshindi wa wanaume, ahesabiwe amepanda gari, afutwe bila majadiliano."

Minong'ono. Mzee Kondo alinitazama kama baba anayemtazama mtoto aliyerudi kutoka kwenye ulevi. "Binti amekomaa," alisema. "Nani anaunga mkono?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa kushoto, wenye saa nyeusi.

Asubuhi ya mbio niliamka nikautukana mlima wangu mwenyewe. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Uluguru kama kuku aliyeatamia. Wanaume walikimbia chini yake na kumaliza, mshindi wao akiwa amepanda kwa dakika arobaini na mbili, na bado liko. Bila jua sikuwa na kitu. Nilikaa pembeni ya uwanja, viatu vyangu vya mitumba vimefungwa, nikilitazama wingu lile kwa chuki niliyokuwa sijampa hata Leonard. Regina alidhani ninaogopa. Akaja akanipiga begani.

"Dada, leo nitakaa nyuma yako tu. Wewe ndiye baba lao."

"Hapana. Kaa mbele. Nikikuambia nenda, uende."

Mgeni rasmi, mwekezaji mpya wa kiwanda, akachelewa kama yule wa mwaka jana. Sijawahi kumshukuru bosi kwa kuchelewa kabla ya siku ile wala baada yake. Saa nne ikafika, wingu likaanza kuchanika, na filimbi ilipolia vivuli vyetu vilikuwa vyeusi chini ya miguu.

Tulipanda wanne kwa mkupuo. Baada ya nyumba za mwisho nikamwambia Regina, "Nenda." Akaenda. Nilimfuata hatua thelathini nyuma, nikisikia pumzi za Jesca mgongoni, Ester akibaki nyuma kidogo kidogo. Akina mama wa mboga walitupisha, mmoja akatupigia vigelegele. Ningeweza kumpita Regina kwenye kona ya mwisho; kifua changu kilikuwa na akiba. Sikutaka.

Pale ukutani hapakuwa na kivuli. Mwalimu Severini alikuwa kwenye kiti na kalamu, Leonard amesimama, mkono juu. Regina akagusa ukuta, Leonard akapaza sauti kwa furaha ya kaka:

"Regina! Thela—"

Sauti ikamkatikia. Akautikisa mkono. Akapuliza kioo, akakifuta kwenye bukta, akatazama tena.

"Bwana Leonard, soma," alisema Severini. "Wengine wanafika."

"Thelathini na... na tatu."

"Ngapi?"

"Thelathini na tatu, mwalimu!"

Nikagusa ukuta. Macho yetu yakakutana, na nikatabasamu, ingawa tabasamu linakula pumzi.

"Josephina," alisema polepole. "Thelathini na nne."

Nyuma yangu nilimsikia akimsoma Jesca, thelathini na nne pia; Ester nilipishana naye nikiteremka, yeye aliandikiwa thelathini na tisa. Kila namba ilikuwa ikitoka kinywani mwake kama jino linalong'olewa.

Regina alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani, kwa saa moja na dakika ishirini na moja, kwa saa ya mshale ambayo mwalimu alimwachia Mzee Kondo chini ya turubai. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alikuwa akilia na kucheka, watu wamembeba juu juu. Kisha gari likarudi kutoka mlimani. Leonard alishuka akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akamwinamia sikioni. Nilikuwa nimejisogeza karibu.

"Mzee, mwaka huu tuachane na zile za juu. Tutumie za mwisho tu."

"Sheria inasema isomwe yote," nikasema. "Uliiunga mkono, mtani."

Mzee Kondo alikuwa mtu wa sheria. Akachukua karatasi, akakitwaa kipaza sauti, akaisoma kama ilivyo. Regina, dakika thelathini na tatu. Josephina, thelathini na nne. Jesca, thelathini na nne. Ester, thelathini na tisa. Alipofika hapo sauti yake mwenyewe ilikuwa na mashaka.

Kisha mtu mmoja jukwaani akanguruma kama injini.

"Lori!"

"Mwaka huu wamepanda wote!"

"Dada Lori kafungua stendi!"

Uwanja mzima ukashika: lori, lori, lori. Waliombeba Regina wakamshusha. Alisimama katikati, jasho linamtiririka, anageuka huku na huku akitafuta uso usiomcheka. Alimwona kaka yake. "Kaka, mwambie! Kaka, wewe si uliniona?"

Nilijua wakati huo ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza. Niliacha iendelee. Mwaka jana hakuna aliyenikatia kelele zile, na nilitaka Leonard azisikie zote, moja moja, zikimwingia mtu anayempenda.

"Bwana Leonard," alisema Mzee Kondo, "kwa sheria tuliyopitisha hawa wote wanafutwa. Dada yako akiwa wa kwanza. Saa yako inasemaje?"

Leonard alikuwa ameishika saa kwa mkono wa kulia, kama aliyejikata anayezuia damu. Akamtazama Regina. Akanitazama mimi, na nikaona ameelewa, si yote, lakini ya kutosha.

"Haionekani," alisema.

"Sema kwenye kipaza sauti," nikamwambia.

"Mtani, tafadhali..."

"Leo mimi si mtani wa mtu. Sema."

Akakipokea. Kelele zikapungua, kwa sababu Leonard akishika kipaza sauti watu husubiri kichekesho.

"Ndugu wananchi. Saa yangu... juani haionekani. Hawa dada wamekimbia. Nimewaona kwa macho yangu wakitokea kwenye kona, kwa miguu. Makosa ni ya saa."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Josephina."

"Tangu lini haionekani?"

Alifumba macho. "Tangu nilipoipata. Mwaka jana pia. Niliona mwanga tu. Nikaona kitu kama tatu, nikaandika tatu. Nilikisia."

"Ulimwandikia nani?"

"Josephina. Josephina alipanda kwa miguu." Akanigeukia. "Hakupanda lori."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Severini alikuwa tayari ameinamia karatasi yake, akiongeza ishirini kwa kila mmoja wetu, na midomo yake ilikuwa ikitembea. "Inakubali," alisema. "Ukiongeza ishirini, kuteremka kote kunakubali." Leonard akaingiza ukucha pembeni ya kioo, mbele ya watu wote, akaivuta ile nailoni. Ilitoka kwa shida, vipande vipande. Chini yake tarakimu zilikuwa nyeusi na safi kama zilivyotoka Dubai.

Mzee Kondo akataka kufunga kwa wema. "Basi, hawa ni watani, wamemalizana. Peaneni mikono."

Leonard akanyoosha wake. Niliutazama ukining'inia hewani hadi akaushusha mwenyewe. Lile lilikuwa jema kuliko baiskeli kumi.

Regina alitangazwa mshindi. Alipewa baiskeli, akapigwa picha na mwekezaji, kisha akaisukuma hadi nilipokuwa nafungua kamba za viatu chini ya turubai. Hakuwa analia tena.

"Dada Josephina, ile sheria ya kusoma karatasi yote ilikuwa yako."

"Ndiyo."

"Ulijua saa ya kaka haionekani?"

"Tangu mwezi wa nne."

Alihesabu. Niliona akiihesabu miezi usoni mwake, akirudi nyuma hadi asubuhi ya kwanza niliyomwita mdogo wangu.

"Kwa hiyo hukunifundisha nishinde. Ulinifundisha nifike pale juu kwenye hamsini."

"Umefika na umeshinda pia."

"Ulikuwa hatua thelathini nyuma yangu njia nzima. Sikukusikia ukihema." Akakaza mikono kwenye usukani. "Uliniachia?"

Ningeweza kumdanganya. Lingekuwa jambo dogo, na binti angelala na furaha yake. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimeishi ndani ya uongo wa mtu mwingine na nilijua unavyonuka.

"Nilikuachia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo kichwani na kuupima uzito. Akaiegemeza baiskeli kwenye mlingoti wa turubai, akaiacha pale, mpya, na nailoni zake kwenye kiti na kwenye vishikio.

"Mwakani njoo na pumzi zako zote," alisema. "Mimi nitakushinda mbele ya watu hawahawa, na sitatumia saa ya mtu."

Akaondoka akichechemea kuelekea kwa kaka yake. Nilimtazama mgongo. Ulikuwa mgongo mzuri, umenyooka, wa mtu atakayeamka kesho alfajiri kwenda mlimani peke yake, nami nilikuwa nimemfundisha kila kitu ninachokijua.

Nikafunga tena kamba za viatu, nikazikaza.